Mwiba wa Kumi na Tatu

9 Februari

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia kwenye ile barua nyingine kabla mlinzi hajanitoa ofisini afunge mlango, Taratibu kaoa. Yule yule mtunza stoo wetu anayetembea kama anahesabu vigae. Kaoa dada yake fundi bomba, na huyo dada anaongea kunishinda mimi, fikiria mwenyewe. Watu kazini wanasema sasa Gazeti kapata mpinzani. Nimewaambia waniache, magazeti mawili mtaa mmoja yote yanauzika.

Marahaba, mwanangu. Hujambo huko kwenye maji? Sisi hatujambo. Bomba la jikoni bado linavuja, na ile ndoo ya bluu bado iko chini yake, imekuwa kama mtu wa nyumbani. Mama Pasi wa chumba cha mbele anakusalimu, anauliza kama kweli melini mnalala mmefungwa mkanda. Nimemwambia ndiyo. Sijui, lakini nimemwambia ndiyo.

Baba yako hajambo. Hajambo kabisa. Vidole tu vinakufa ganzi, ndiyo maana naandika mimi, na wewe utavumilia mwandiko wa darasa la nne. Yuko hapa kwenye kiti chake, ananiambia nisijaze karatasi umbea, niandike ya kazi. Ya kazi nayaandika, ila kwa mpango wangu.

Kazi ni hivi. Ile chupa ya tope uliyotuma imefika, haijavunjika. Baba yako kalichemsha tope, kalipitisha kwenye chujio, kalikausha, tope lote likabaki unga mweupe usiojaza kijiko. Mwanangu, mimi nimepiga deki chini ya ile meza yake ya kazini miaka kumi na sita na sijawahi kuuliza mle kwenye hadubini anachungulia nini. Nilidhani wadudu. Sasa na mimi nimechungulia. Kimoja kama chujio la chai. Kimoja kama kofia ya askari iliyotobolewa matundu, na matundu yote sawa. Kimoja ni mpira ndani ya mpira ndani ya mpira, na hakuna mlango, sasa ule wa ndani kauingiza nani? Baba yako anasema hakuna aliyeuingiza. Ni kiumbe cha chembe moja, hakina macho, hakina mdomo, hakina ubongo, kinaelea juu ya bahari kinajijengea kiunzi cha kioo, kisha kinakufa na kiunzi kinazama. Nikamwambia basi kimemshinda fundi aliyejenga hii nyumba, yeye alikuwa na macho mawili na ukuta wa choo umepinda.

Unajua mwenyewe anavyoviokota, kwa ukope wako uliobandikwa kwenye kijiti kwa nta. Anasema nywele ya brashi kwao ni gogo, ukope ndio una ncha. Tangu una miaka saba ukope ukikudondoka unampelekea kwenye kiganja, kama umeokota lulu. Basi huu wa mwisho umekatika ncha. Tumeitafuta mezani, hatujaiona. Anaomba mwingine, lakini udondoke wenyewe, usiung'oe.

Sasa jambo lenyewe. Fungua ule mchoro niliokunja ndani. Hicho ni cha kwenye tope lako. Ni duara, lina miiba kumi na mitatu, kumi na miwili imenyooka na mmoja mrefu umepinda kama mundu. Tumeihesabu mara nne, mimi na yeye. Miaka thelathini na mmoja baba yako anachora vitu hivi kwa ajili ya watu wengine, na huyu hajawahi kumwona. Amemwita Mgeni. Siku hiyo chai ilipoa mbele yake. Anasema umwonyeshe mkuu wenu wa utafiti huko melini, na kama kweli hajulikani, aombewe jina la mama yako. Tangu mama yako atutoke sijamwona kaka yangu akicheka mpaka meno ya nyuma. Siku ile niliyaona. Mengine yameng'oka.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo. Na baba, shikamoo.

Mimi mzima. Meli ya mizigo ilitufikia jana na mfuko wa barua, yako imetembea siku hamsini na moja. Hatulali na mkanda, mwambie Mama Pasi, ila kitanda kina ukingo kama cha mtoto mchanga. Nalala na mwenzangu mmoja anayeongea usingizini, anahesabu tu. Mikono imepasuka kwa chumvi. Nimeongezeka kilo mbili, mpishi ndiye wa kulaumiwa.

Kila asubuhi tunashusha wavu laini kama soksi ya kike, na unarudi na viumbe wakiwa hai. Baba, nimewaona wakiwa hai. Kile kiunzi unachokijua wewe ni kitu cha katikati tu. Wakiwa hai wanatoa nyuzi pande zote, laini mno, zinatikisika. Wakifa nyuzi zinapotea, kinabaki kioo. Kikizama peke yake kinaweza kuchukua miezi kufika chini. Lakini kikimezwa na mdudu mkubwa kidogo, kinatoka kimefungwa kwenye kinyesi chake, na hicho ni kizito, kinafika kwa siku chache. Shangazi najua hii utaipenda.

Mchoro nimeubandika juu ya kitanda changu. Mkuu bado sijamwonyesha, ana mambo mengi mwezi huu. Baba, mbona hukuandika hata mstari mmoja? Siku zote ulikuwa unaandika mstari mmoja chini.

Nimebandika kope mbili kwenye karatasi kwa utepe. Zimedondoka zenyewe.

Tarehe 20 Mei tutatia nanga bandarini kwa siku nne, halafu hatutagusa nchi kavu mpaka Agosti. Kutoka bandari ile hadi nyumbani ni safari ya siku mbili. Anayeshuka, nafasi yake anapewa mwingine.

Mwanenu.

(Karatasi ya pili)

Shangazi, hii ni yako peke yako. Usimwachie mezani.

Mwiba wa kumi na tatu si mwiba. Ni ncha ya ukope wangu, ile mliyoitafuta mkaikosa. Imeangukia pale pembeni ya duara. Baba angeujua ukope kwa kutupa jicho mara moja. Kama hakuujua, hakuuona. Mistari ya mchoro ni ya mkono wake, hiyo naifahamu. Lakini nani anachungulia?

Habari za Mgeni usimwambie. Mwache afurahi. Ila mimi niambie kweli: anaona? Anaumwa? Ukisema nishuke, nashuka. Andika kwa anwani ya bandari, barua inikute pale.


27 Aprili

Mwanangu, marahaba, marahaba ya mara mbili.

Yaani mwenye haraka ya kufika chini lazima apitie mavini. Nimecheka mpaka Mama Pasi akagonga ukuta. Nimewahadithia kazini wote, hata mkurugenzi, na mkurugenzi akasema ni kweli kabisa na akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nina mtu wangu baharini.

Mke wa Taratibu tumegombana tukapatana. Alisema mimi natangaza siri za watu. Nikamwuliza siri gani, akazitaja zote mbele ya foleni ya maji, sasa nani kazitangaza? Fundi bomba kaja kuangalia bomba letu, kalitazama, kaondoka. Ndoo ipo.

Barua yako nimemsomea baba yako kwa sauti, mara tatu, pale pa nyuzi zinazotikisika mara nne. Alifumba macho akawa anatikisa vidole hivi juu ya goti. Ile karatasi ya pili niliitia kifuani haraka, lakini ana masikio yule, akaniuliza mbona karatasi zimelia mara mbili. Nikamwambia mambo ya kike. Akasema haya.

Sasa usinikalie kooni. Macho yake ni macho ya mtu mzima, yanachoka, na mimi namsaidia kuchungulia. Namwambia hiki kama kikapu, kile kama taa ya barabarani, naye anachora. Tunaelewana. Ile ya ukope nimeimeza, haitatoka. Sukari inampanda na kushuka kama unavyoijua. Hospitali anakwenda Jumanne na Ijumaa, kuangaliwa tu. Anakula. Juzi alikula mkate vipande viwili.

Usishuke, mwanangu. Kazi uliyoililia miaka mitatu umwachie nani? Sisi tupo, hatuendi popote. Agosti hiyo hapo.

Anasema leo ataandika mwenyewe mstari wake. Nimempa kalamu. Subiri.

*Mwanangu usishuke. Baba.*

Usijali kama umepanda juu ya wangu, karatasi ilikuwa imekaa vibaya.

Shangazi yako.


26 Mei

Shangazi, shikamoo.

Barua yako ilinikuta bandarini. Sikushuka.

Begi lilikuwa limefungwa. Siku ya nne nilisimama kwenye ngazi ya meli nalo, baharia mmoja akaniuliza dada unashuka au unapanda, watu wanasubiri. Nilikuwa na mstari wa baba mkononi. Nimeuona ulivyokaa, Shangazi. Haikuwa karatasi. Lakini ulisema anakula, ukasema mnaelewana, na wewe hujawahi kunificha kitu tangu nizaliwe. Huwezi hata kuficha zawadi. Nikapanda.

Mchoro bado uko juu ya kitanda. Mwenzangu jana aliniuliza ule mwiba mrefu ni wa nini. Nikamwambia ndio uzuri wake.

Meli ya mizigo inatupitia leo, hii naiwahisha. Msalimie baba. Mwambie mkuu ameuona mchoro na ameusifu. Si kweli, lakini mwambie.

Mwanenu.


3 Julai

Mwanangu.

Kaa chini kwanza. Kama umesimama mahali penye watu, ikunje hii, nenda kwenye kile kitanda chako chenye ukingo.

Barua hii nimeianza mara sita. Karatasi tano Mama Pasi kawashia mkaa. Kila nikianza naona nimeandika habari za Taratibu, na safari hii Taratibu hana kosa.

Baba yako ametutoka. Tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, Jumatano, si siku yake ya hospitali. Tumemzika karibu na mama yako. Watu walikuja wengi, mkurugenzi alikuja, Taratibu alitembea mbele ya jeneza na kwa mara ya kwanza mwendo wake ukafaa.

Ofisini walitaka kuwapigia simu ya meli siku ile ile. Mimi ndiye niliyewazuia. Nilisema huyu ni mtoto wangu, hataambiwa na sauti inayokwaruza mbele ya wanaume ishirini, nitamwambia mimi. Halafu nikakaa wiki tatu sijakwambia. Hilo kosa ni langu, la peke yangu, wala sitafuti wa kulibeba naye.

Na kabla ya hilo liko kubwa zaidi. Macho yake yalizimika Novemba. Yote mawili. Sukari ilianza na la kushoto, wiki tatu baadaye la kulia. Figo zikafuata mwezi wa tatu, na ile Jumanne na Ijumaa haikuwa kuangaliwa tu, alikuwa analazwa kwenye mashine damu inasafishwa, anarudi kama nguo iliyokamuliwa. Na ule mkate wa vipande viwili niliula mimi.

Aliniapisha. Unajua nilivyo, mimi hata ndoto ya mtu naitangaza, na yeye akanichagua mimi. Nilimwambia kaka, kwangu neno halikai. Akaniambia litakaa. Kuna kitu hukuwahi kuambiwa. Kabla hujazaliwa alipata nafasi kwenye meli kama yako. Siku ya tatu ikaja simu ya maandishi kwamba mama yetu kazidiwa, akashuka bandari ya kwanza. Mama akapona, akaishi miaka tisa tena, na yeye meli haikumchukua tena. Ndiyo ile miaka thelathini na mmoja ya kuchungulia tope la wenzake. Akasema, mtoto wangu akishuka kwa ajili yangu, mimi nitakuwa nimeshuka mara mbili. Sasa hapo mimi ningesema nini? Ningesema kipigwe teke kiapo, mtoto aje amwone baba yake. Ndivyo ningesema leo. Siku ile sikusema.

Mchana, kazini wakienda kula, nilikuwa namshika mkono tunaingia kwenye chumba chake. Mkurugenzi alijua, alifumba macho, Mungu ambariki. Nachungulia, nasema, yeye anachora. Penseli inakwenda yenyewe, kidole cha mkono wa kushoto kikiwa kwenye karatasi kumwonyesha alipofika. Nikikosea maneno ananikatisha, ananiambia chujio la aina gani, lina mpini au halina. Nimepigiwa kelele kwenye ile hadubini kuliko shule yote niliyosoma.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo nililokaa na karatasi kwa ajili yake.

Tulikwenda mara ya mwisho Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa tano. Aliomba Mgeni. Nikatafuta kioo chake, kile kibao chembamba alichobandikwa, nikakiweka, huku naikumbuka karatasi yako. Akataka nimweleze upya, mwiba mmoja mmoja, kwa kuzunguka. Nikaeleza ile kumi na miwili. Nilipofika kwa ule mwingine nikaukimbia kimbia, nikasema na huu hapa, basi, tumemaliza. Akasema:

"Una rangi gani?"

Miezi yote hakuwahi kuuliza rangi. Na mimi, mdomo huu, sikufikiri.

"Mweusi."

"Na wenzake?"

"Wenzake wanapitisha mwanga."

Hapo hapo nikajua nimefanya nini. Nikaanza kusema labda ni kivuli, labda ni taa. Alikuwa kakamata ukingo wa meza, kainama. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo, machozi yanamtoka kwenye yale macho yasiyo na kazi. Akaniambia, kumbe Mgeni ni wa nyumbani. Nikamwambia niuondoe? Nina ule ukope mpya kwenye kijiti, nausukuma mara moja unatoka. Akanishika mkono.

"Usiuguse. Nimemchora vizuri?"

Nikamwambia umemchora vizuri, ulivyopinda hivyo hivyo. Akasema basi. Akaniambia yule mtoto alijua siku aliyoufungua mchoro, na hakusema ili nisiumie, kwa hiyo na wewe usimwambie kwamba nimejua, ataumia kwa kunificha bure. Mwanangu, mle ndani tulikuwa watatu, na wote tunajua, na kila mmoja anamtunzia mwenzake.

Barua yako ya ngazi ilifika tarehe 13. Alikuwa amelala ardhini siku moja. Pale ulipoandika kwamba siwezi kuficha hata zawadi, nilipasoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo ya deki, na sikuweza kuinuka kumaliza korido. Siku nne meli ilikaa bandarini, na yeye alikuwa hai, anaongea, anakuuliza. Karibu wiki tatu ungekuwa naye. Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija Agosti utanitazama usoni, na nitakaa nitazamwe.

Asubuhi ile hakuteseka sana. Mkono wa kulia ulikuwa unakwenda juu ya shuka, unazunguka, unatoa mwiba, unarudi, unatoa mwingine. Nilihesabu, maana ndiyo kazi aliyonifundisha. Alikuwa kwenye wa tisa.

Hapa naandikia stoo, juu ya sanduku la sabuni. Jumatatu anaingia mtu mpya kwenye ile meza, kijana mwenye miwani mizuri, anasemekana hachori, ana mashine ya kupiga picha. Taratibu tangu asubuhi anahesabu vioo vya baba yako avikabidhi, kimoja kimoja, unajua tena mwendo wake, na kila kimoja kina namba. Vyenye uchafu vinaoshwa. Ameambiwa hivyo, uchafu, vinyuzi, vumbi, vyote vioshwe.

Kope zako mbili, moja imo kwenye kijiti bado, nyingine nimemwekea mfukoni mwa shati alilozikwa nalo. Hilo sikumwuliza mtu. Na kile kioo cha

Taratibu ananiita. Anasema kavihesabu mara mbili na kimoja hakipo, na aliyekuwa anaingia mle ni mimi. Kimo kwenye soksi ya kijivu ya baba yako, kwenye kabati la madeki, nyuma ya dawa ya choo ambapo hakuna mwanamume anayetia mkono, na miiba yake yote kumi na mitatu. Ananiita tena. Nakwenda kumwambia sijakiona, siku hizi kuficha nakuweza